Neno "whinge": lalamiko linapogeuzwa kuwa kasoro ya anayelalamika

Msomaji wa Kiswahili anayefuatilia magazeti ya Uingereza, au anayesikiliza uchambuzi wa Ligi Kuu ya nchi hiyo, hakosi kukutana na neno "whinge". Kocha aliyefungwa anapomtupia lawama mwamuzi, mwanasiasa anapodai kwamba waandishi wa habari wanamwonea, au wakazi wa mtaa wanapolalamikia ndege zinazopita juu ya mapaa yao usiku, wote hao huweza kuelezwa kwa neno hilo moja. Msomaji akiuliza maana yake, jibu jepesi ni kwamba "whinge" ni kulalamika au kunung'unika. Jibu hilo si la uongo, lakini linaacha nje jambo ambalo ndilo kiini cha neno lenyewe. "Whinge" halitoi taarifa tu kwamba mtu amelalamika. Linatoa pia hukumu kwamba hakustahili kulalamika, au amelalamika kupita kiasi, au amelalamika kwa namna inayomshushia heshima. Hukumu hiyo huwa ni ya msikilizaji, si ya mlalamikaji, na hakuna kitu ndani ya neno kinachohakikisha kwamba msikilizaji huyo ametenda haki.

Nitaanza na umbo lake, kwa kuwa linawasumbua hata Waingereza wenyewe. Hutamkwa kwa silabi moja, karibu na "winj", na sauti ya "h" haisikiki katika matamshi ya Waingereza wengi. Ni kitenzi na pia ni nomino, na mwenye tabia hiyo huitwa "whinger". Linapoongezewa kiambishi, kamusi nyingi za Uingereza huandika "whingeing", zikiibakiza herufi "e" ili msomaji asisahau kuitamka "g" kama "j". Sababu ni ileile inayotenganisha "singeing", yaani kuunguza juujuu, na "singing", yaani kuimba. "Whinging" nalo linakubalika na utalikuta mara nyingi. Neno hili ni la mazungumzo. Gazeti hulitumia katika kichwa cha habari au katika safu ya maoni, ila huwezi kuliweka katika barua rasmi, ripoti ya kazini au hati ya mahakama.

Ugumu wake umo katika maana, na mfano mmoja utaonyesha hivyo vizuri. Treni imechelewa kwa dakika 40 katika stesheni ya mji mmoja wa Uingereza. Abiria wa kwanza anamwendea mfanyakazi wa stesheni, anamtajia treni aliyokusudia kupanda na saa iliyopaswa kuondoka, kisha anauliza utaratibu wa kupata fidia, kwa sababu kampuni nyingi za treni nchini humo hulipa fidia kwa ucheleweshaji wa namna hiyo. Abiria wa pili anabaki kwenye benchi. Kila anayeketi karibu naye anaelezwa kwamba treni za nchi hii hazifai, kwamba juzi ilikuwa hivihivi, kwamba nauli imepanda tena na hakuna anayejali, na sauti yake inavutwa kama ya mtu anayetaka kuhurumiwa. Waliopo stesheni watasema kwamba wa kwanza amelalamika, na wa pili ndiye anaye-"whinge". Hata hivyo treni iliyowachelewesha ni moja, na haki yao ni sawasawa. Kilichotofautiana ni nani anayeambiwa, mara ngapi, kwa sauti gani na kwa kusudi gani.

Katika mfano huo zipo alama zote ambazo humfanya Mwingereza alichague neno hili: maneno yameelekezwa kwa mtu asiyeweza kurekebisha jambo, yanarudiwarudiwa, sauti ni ya kulia zaidi kuliko ya kudai, na anayesikia anaona kwamba tatizo lenyewe si kubwa kiasi hicho. Si lazima alama zote zikutane. Mtu anaweza kumwandikia barua ofisa anayehusika, kwa lugha ya adabu na mara moja tu, na bado akaambiwa kwamba ana-"whinge", mradi yule anayelitamka ameamua kwamba jambo hilo ni dogo. Alama hizo nyingine zinaweza kupimwa kwa macho na masikio, lakini hii ya mwisho ni maoni matupu, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Historia ya neno inasaidia kueleza harufu hiyo ya dharau. Asili yake ni kitenzi cha Kiingereza cha kale, "hwinsian", kilicho na undugu na "winseln" la Kijerumani, ambalo hadi leo hutumika kwa mlio wa mbwa anayelia kwa sauti nyembamba. Ndugu yake wa karibu zaidi ni "whine", lililotokana na kitenzi cha kale kilichoeleza mluzi wa mshale unaopita hewani. Umbo lenye sauti ya "j" mwishoni lilikaa kwa muda mrefu katika Skoti na kaskazini ya Uingereza, na vilevile Ireland, ambako hadi leo mtoto anayelia chinichini bila kukoma huelezwa kwa neno hilo. Kwa hiyo mtu mzima anapoambiwa kwamba ana-"whinge", anafananishwa na mtoto ambaye kilio chake kimepita kiasi cha haja yake, na hapo hadhi ya hoja yake imekwisha kupungua kabla haijasikilizwa.

Hakuna mahali ambapo neno hili limefanya kazi kubwa kuliko Australia, na kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa kuwa kinaonyesha jinsi hukumu iliyojificha ndani ya neno inavyoweza kuwaandama watu kwa vizazi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Australia ilikuwa na hofu kwamba nchi kubwa kama ile yenye watu wachache isingeweza kujilinda wala kujenga viwanda. Arthur Calwell, waziri wa kwanza wa uhamiaji, aliyeteuliwa mwaka 1945, alisimamia sera ya kuongeza watu kwa haraka, na chaguo la kwanza la serikali wakati ule lilikuwa Waingereza. Katika mpango uliotekelezwa pamoja na serikali ya Uingereza, mtu mzima alilipa pauni 10 tu kwa safari ya meli ya wiki kadhaa, na watoto walisafiri bure. Zaidi ya watu milioni moja waliondoka Uingereza kwa njia hiyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miongoni mwao ilikuwamo familia ya Julia Gillard, iliyotoka Barry huko Wales mwaka 1966 na kwenda kuishi Adelaide, na ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa Australia. Wenyeji waliwaita wahamiaji hao "Poms", jina la utani ambalo Waaustralia walikuwa wakiwapa Waingereza tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Maelezo yanayopewa uzito zaidi na wanakamusi ni kwamba lilitokana na mchezo wa maneno kati ya "immigrant", yaani mhamiaji, na "pomegranate", jina la Kiingereza la komamanga. Ile hadithi inayosambaa kwamba ni kifupi cha maneno yaliyoandikwa kwenye nguo za wafungwa ilibuniwa baadaye na haina ushahidi.

Mabango ya mpango ule yalionyesha jua, fukwe na nyumba zenye bustani. Familia nyingi hazikuanzia huko. Zilifikia kwenye hosteli za wahamiaji, na katika baadhi yake makazi yalikuwa mabanda ya mabati yenye umbo la nusu duara, yaliyojengwa kwa namna ya kambi za jeshi wakati wa vita, ambayo wakati wa kiangazi cha Australia yalishika joto kama tanuri. Bafu na vyoo vilikuwa vya pamoja. Chakula kililiwa katika bwalo, mama hakuwa na jiko lake, na nyama ya kondoo ilirudi mezani mara kwa mara hata ikawachosha walaji. Wapo waliokaa humo kwa miezi mingi, na wengine kwa miaka, wakingojea nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, ada za hosteli zilipopandishwa, baadhi ya wakazi waligoma kulipa. Kuondoka nako hakukuwa rahisi, kwa sababu aliyerudi kwao kabla ya kutimiza miaka miwili alitakiwa kurejesha gharama ya safari aliyolipiwa, juu ya nauli yake mwenyewe ya kurudi.

Watu hao walilalamika, na walilalamika kwa sauti. Jibu walilopewa ni maneno mawili ambayo yamebaki katika lugha hadi leo: "whingeing Pom", yaani Mwingereza wa kulialia. Kwa mtazamo wa mwenyeji, mgeni huyu amelipa pauni 10, amepewa kazi na jua, na bado anasema bia ni mbaya, nzi ni wengi na kwao mambo yalikuwa bora. Sitaki kuudharau mtazamo huo, maana hakuna mwenyeji anayefurahia kulinganishwa kila siku na nchi nyingine, na Waaustralia walikuwa na desturi ya kumheshimu mtu anayevumilia shida bila kuitangaza. Lakini tazama yaliyounganishwa chini ya neno hilo moja: malalamiko kuhusu bia na malalamiko kuhusu familia nzima kuishi ndani ya banda la mabati. Neno halikutenganisha mambo hayo. Lililitia dogo na kubwa katika gunia moja, kisha likaandika juu yake kwamba yaliyomo hayana maana.

Lipo jambo jingine ambalo naliona muhimu katika kisa hiki. Katika miaka hiyo Australia ilipokea pia mamia ya maelfu ya watu kutoka Ulaya bara, wengi wao wakimbizi wa vita, na hali zao mara nyingi zilikuwa ngumu kuliko za Waingereza, kwani walipangiwa kazi za kufanya kwa miaka miwili bila kuchagua. Hao hawakupata sifa ya kulialia. Sioni kwamba walikuwa na uvumilivu zaidi kwa asili. Waingereza waliijua lugha ya nchi, walikuwa raia wa dola ileile ya Kiingereza, wengi wao walitoka katika miji yenye vyama vya wafanyakazi, na walijua mlango wa kubisha. Lalamiko lao lilisikika kwa sababu walikuwa na njia ya kulitoa, na kwa kusikika huko wakapewa jina. Kila mara neno hili linapotumika ni vema kujiuliza kama anayeitwa "whinger" ndiye mwenye shida ndogo kuliko wenzake, au ni yule tu aliyeweza kuisema.

Karibu robo ya wahamiaji hao walirudi Uingereza, na inakadiriwa kwamba karibu nusu ya waliorudi waliona baridi na ugumu wa maisha wa kwao, wakapanda meli tena kwenda Australia, safari hii wakiitwa kwa jina la bumarangi, ile silaha ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo ambayo ikirushwa hurudi. Maneno "whingeing Pom" hayakufa. Leo husikika zaidi viwanjani, hasa timu za kriketi za nchi hizo mbili zinapokutana. Mwaka 2006, malalamiko yalipopelekwa dhidi ya matangazo ya bia yaliyowataja "Poms", bodi ya Australia inayosimamia maadili ya matangazo iliamua kwamba jina hilo ni sehemu ya lugha ya kawaida ya nchi na kwa sehemu kubwa hutumika kwa utani.

Kisa hicho kinatupeleka kwenye sarufi isiyoandikwa ya neno hili. Mwaka 1948, katika kipindi cha redio cha BBC, mwanafalsafa Bertrand Russell alitoa mfano uliopata umaarufu wa jinsi tunavyobadilisha maneno kulingana na nafsi: mimi nina msimamo, wewe ni mkaidi, yeye ni mpumbavu mwenye kichwa kigumu. "Whinge" linaingia katika mtindo huo bila kusukumwa. Mimi natoa hoja, wewe unalalamika, yeye ana-"whinge". Ndiyo maana msomaji makini anapolikuta katika habari hulichukua kwanza kama taarifa kuhusu mwandishi, kisha ndipo aulize kilichotokea kwa watu walioandikwa. Meneja anayewaambia wafanyakazi waache "whingeing" kuhusu zamu za usiku hajasema lolote kuhusu kama zamu hizo ni za haki. Ameepuka kulisema, na neno limemsaidia kuepuka.

Lakini matumizi ya nafsi ya kwanza yapo, na hapa ndipo mgeni wa lugha hukosea kwa nia njema. Mwingereza anaweza kumweleza mwenzake kazini kuhusu siku mbaya aliyokuwa nayo, kisha akamalizia kwa kuomba radhi kwamba alikuwa "having a whinge" tu. Hapo neno linageuka kuwa la unyenyekevu. Anasema: najua jambo si kubwa, sikuombi ulitatue, nilitaka kutoa dukuduku. Jibu linalotarajiwa ni la kumpa pole, pengine na kumsimulia la kwako linalofanana na lake. Mswahili aliyezoea kwamba mtu akikueleza shida anakuomba rai, akianza kumpangia hatua za kuchukua, atamwona mwenzake akinyamaza asijue kwa nini. Waingereza haohao, wakiulizwa hali, wana jibu la zamani lisemalo "mustn't grumble", yaani haifai kunung'unika, ambalo kwa mahali pake linakaribiana na sisi tunaposema tunamshukuru Mungu hata kama mambo hayajakaa sawa.

Maneno ya jirani nitayapitia kwa ufupi, kwa sababu tofauti zake ni za kieneo na za ukali. Wamarekani kwa kawaida hawatumii "whinge", na wengine hulidhania kuwa ni kosa la tahajia la "whine", ambalo ndilo lao. "Moan" ni la Uingereza na ni laini kidogo. "Gripe" ni tofauti, kwa kuwa huweza kutaja lalamiko moja mahususi, na lenye haki pia, kiasi kwamba mtu husema kuhusu gari au simu nzuri kwamba ana "gripe" moja tu nayo. "Kvetch" liliingia Marekani pamoja na Wayahudi wazungumzaji wa Kiyidi kutoka Ulaya Mashariki, na katika lugha hiyo maana yake ya msingi ni kubana au kukamua. "Bitch", likitumika kama kitenzi cha kulalamika, ni tusi linalowadhalilisha wanawake, na mzungumzaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza hana sababu ya kuligusa.

Kwa Kiswahili, kazi ya mfasiri ni ngumu kuliko inavyoonekana, na ugumu unatokana na heshima ambayo neno letu la kawaida limejijengea. Lalamiko kwetu ni kitu cha kisheria na cha kiutawala. Mlalamikaji ana faili mahakamani, na mwenzake anaitwa mlalamikiwa. Tanzania ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuwa na chombo cha kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watendaji wa serikali, na kazi hiyo leo iko chini ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mfasiri anayemwita "whinger" mlalamikaji amempandisha mtu huyo hadi kizimbani akiwa na haki ya kusikilizwa, jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza alikusudia kumnyima. "Mlalamishi" linaelekea kufaa zaidi, kwa kuwa linabeba wazo la tabia iliyokwisha kuota mizizi, lakini katika magazeti ya Kenya neno hilohilo hutumika kwa mtu aliyewasilisha kesi, na msomaji wa Nairobi anaweza kulipokea bila dharau yoyote.

"Kunung'unika" lina sifa ya kuwa la chini kwa chini na la kurudiwa, na lina historia ya kubeba lawama. Katika Biblia ya Kiswahili, kitabu cha Kutoka sura ya 16, wana wa Israeli wanawanung'unikia Musa na Haruni jangwani wakikumbuka nyama na mikate ya Misri, na kila msomaji anajua kwamba mwandishi hasimami upande wao. Hata hivyo mnung'unikaji hufumba midomo nusu, ilhali "whinger" husikika na jirani wa tatu. Ndiyo maana mimi huona "kulialia" kuwa ndilo lililo karibu kabisa. Kule kurudiwa kwa kitenzi kunaleta maana ya jambo linaloendelea bila uzito wala mwisho, kama tunavyosikia katika "kuchekacheka" au "kuzungukazunguka", na picha iliyomo ni ileile ya mtoto iliyomo katika neno la Kiingereza. "Kudeka" lingefaa pale tu ambapo anayelialia anatarajia kubembelezwa.

Tuchukue kichwa cha habari cha mfano: "Residents whinge over new bus lanes". Mfasiri akiandika "Wakazi walalamikia njia mpya za mabasi", ametoa habari safi, ila ameifuta dharau ya gazeti na kumnyima msomaji nafasi ya kuiona. Akiandika "Wakazi walialia kuhusu njia mpya za mabasi", ameibakiza dharau hiyo, lakini sasa imekuwa yake, kwa sababu kichwa cha habari cha Kiswahili kitasomwa kama sauti ya chombo kilichokichapisha. Ikiwa anaeleza jinsi gazeti lile lilivyoandika, njia ya uaminifu ni kuitaja dharau kwa mwenyewe: gazeti fulani lawabeza wakazi wanaolalamikia njia mpya za mabasi. Maneno yakiwa yametamkwa na mtu anayejulikana, tuseme waziri anayewaambia wauguzi waache "whingeing" kuhusu mishahara, hapana haja ya kuyalainisha. Yafaa yaandikwe ndani ya alama za kunukuu, "acheni kulialia", ili wauguzi na wasomaji wajue waziri alitumia neno gani kwao.